Saa Tatu Asubuhi Ni Saa Ngapi? Kiswahili, Tarehe na Kalenda ya Rununu

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba wakati ni ukuta, ukipigana nao utaumia wewe. Mwandishi wa makala haya aligonga ukuta huo mapema mwezi wa Machi 2025, mtaani Njiru, mashariki mwa jiji la Nairobi. Mama yake mzazi, ambaye anatibiwa maradhi ya sukari, alikuwa ametumiwa arifa kupitia programu ya rununu ya kliniki moja. Arifa iliandikwa kwa Kiswahili kisicho na utata: afike Jumanne, 4/3/2025, saa 3:00 asubuhi. Tarehe na saa hiyo zilikuwa zimepigiwa mstari na kutiwa rangi ya samawati. Mwandishi aliyagusa maandishi hayo kwa niaba ya mama, kalenda ikafunguka, miadi ikahifadhiwa, na kwa muda wa majuma matatu hakuna aliyeisoma arifa ile tena. Kalenda ilikuwa imeshika zamu.

Siku ilipowadia, ukumbusho ulilia saa saba mchana ukisema kwamba miadi ilikuwa imesalia saa mbili. Kalenda ilikuwa imeandika 15:00, yaani saa tisa alasiri. Tulipanda matatu katika Barabara ya Kangundo tukidhani tumewahi, kumbe daktari alikuwa amekwisha kuondoka. Nafasi nyingine ilipatikana baada ya majuma sita, na dawa za mama zilikuwa za majuma mawili tu.

Ni nani aliyekosea? Aliyeandika arifa hakukosea, kwa kuwa "saa 3:00 asubuhi" ina maana moja tu kwa msemaji wa Kiswahili. Rununu nayo haikuharibika. Iliziona tarakimu, ikazifasiri kwa sarufi ya lugha nyingine, na kuliacha neno "asubuhi" likielea bila kazi. Makala haya yananuia kueleza jinsi mashine inavyoigeuza tarehe iliyomo katika ukurasa kuwa kiungo cha kalenda, kuonyesha mahali ambapo Kiswahili huikwaza, na kupendekeza wajibu wetu sisi wanafunzi na walimu wa lugha. Hoja kuu ni kwamba namna ya kutaja wakati katika Kiswahili ni sehemu ya sarufi, na sarufi ambayo wenyewe hatujaiandika kwa ukamilifu hatuwezi kuidai kwa mashine.

Kiungo cha tarehe hufanyaje kazi?

Mengi tunayoyasoma ndani ya programu za rununu ni kurasa za wavuti zilizofunguliwa katika dirisha dogo lililofichwa ndani ya programu. Mtunga programu anaweza kuliagiza dirisha hilo lipekue matini, litafute vipande vinavyofanana na nambari za simu, anwani au tarehe, kisha livigeuze kuwa viungo. Msomaji akikigusa kiungo cha nambari, simu hupigwa. Akikigusa cha tarehe, kalenda hufunguka.

Wazo hili si geni. Kampuni ya Apple ilitoa chombo cha aina hii kwa tarakilishi zake za Macintosh mwaka wa 1997. Mwaka wa 2010, toleo la nne la mfumo endeshi wa iPhone liliwapa watunga programu uwezo wa kuagiza tarehe zilizomo katika maudhui ya wavuti zigeuzwe kuwa matukio ya kalenda, na mwaka wa 2016 dirisha jipya la wavuti likapewa uwezo uo huo katika toleo la kumi. Kwa upande wa Android, zana ya awali ilitambua nambari za simu, anwani za baruapepe, za wavuti na za mahali. Tarehe zilipata nafasi yake katika zana mpya iliyoambatana na Android 9, mwaka wa 2018.

Kazi yenyewe ina hatua tatu. Ya kwanza ni kutambua: kipande hiki cha matini ni tarehe au si tarehe? Ya pili ni kufasiri: je, kinataja siku ipi na saa ipi? Ya tatu ni kuandika, yaani kuutia wakati huo katika umbo ambalo kila kalenda inalielewa. Umbo linalotumika sana ni lile la iCalendar, lililosanifishwa mwaka wa 1998 na kurekebishwa mwaka wa 2009. Katika umbo hilo, miadi ya mama ilipaswa kuwa 20250304T090000, ikifuatana na jina la ukanda wa saa, Africa/Nairobi. Tarakimu nne ni za mwaka, mbili za mwezi, mbili za siku, kisha saa, dakika na sekunde.

Mwandiko huo hauna nafasi ya shaka. Kalenda haiwezi kuandika "asubuhi hivi" wala "baada ya swala". Kwa hivyo, shaka zote zilizomo katika lugha lazima zimalizwe katika hatua ya pili, na hapo ndipo somo letu linapoanzia.

Neno "asubuhi" si pambo

Katika Kiingereza, saa huhesabiwa kuanzia usiku wa manane na adhuhuri. Katika Kiswahili, huhesabiwa kuanzia kuchwa na kucha. Karibu na ikweta jambo hili lina mantiki kamili: mjini Nairobi, wakati wa kuchomoza kwa jua hautofautiani hata kwa saa moja mwaka mzima. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana iliyotimia, na saa moja usiku ni saa ya kwanza ya usiku iliyotimia.

Wengi hudhani kwamba kuifunza mashine jambo hili ni rahisi: ongeza sita, basi. Saa tatu asubuhi ni 3 na 6, yaani 9:00. Saa nane mchana ni 8 na 6, yaani 14:00. Hata hivyo, kanuni hiyo haifiki mbali. Saa mbili usiku ni 20:00, kwa hivyo hapo tunaongeza 18. Saa tisa usiku ni 3:00, na hapo tunatoa sita. Neno "usiku" ni lile lile, lakini hesabu zimekuwa mbili: kuanzia saa moja hadi saa tano tunaongeza 18, na kuanzia saa sita hadi saa kumi na moja tunatoa sita.

Tazama sasa neno "asubuhi". Saa nne asubuhi ni 10:00, kwa kuongeza sita. Saa kumi na moja asubuhi ni 5:00, kwa kutoa sita. Neno "jioni" nalo ni vivyo hivyo: saa kumi jioni ni 16:00, lakini wakazi wengi wa Nairobi husema "saa moja jioni" kwa maana ya 19:00, ambapo kuongeza sita kungeturudisha asubuhi. Ni bayana basi kwamba si tarakimu peke yake wala neno la kipindi peke yake linalotoa jibu. Jibu hutolewa na viwili hivyo kwa pamoja. "Saa tatu asubuhi" ni kirai kimoja chenye maana moja, na kulitenga neno "asubuhi" ni kama kukitenga kiambishi cha ukanushi katika kitenzi kisha kudai kwamba umeielewa sentensi.

Kuna pia vipashio vidogo. "Saa tatu kasorobo" ni 8:45, ilhali "saa tatu na robo" ni 9:15. Mashine inayotafuta tarakimu tu itaona "tatu" katika virai vyote viwili, na pengine haitaona chochote kwa kuwa tatu yenyewe imeandikwa kwa herufi. Pale isipoona chochote, madhara ni madogo: hakuna kiungo, na msomaji husoma mwenyewe. Hatari kubwa iko pale inapoona nusu na kuijaza nusu nyingine kwa kukisia.

Tarakimu zenye nyuso mbili

Tatizo la pili linatokana na sisi waandishi. Nchini Tanzania, matangazo ya umma huandika "saa 2:00 asubuhi" kwa maana ya saa mbili ya Kiswahili, na wasomaji hawatatiziki. Nchini Kenya, tumezoea kusema saa kwa Kiswahili na kuziandika kwa Kiingereza. Notisi za kampuni ya umeme ya Kenya Power kuhusu kukatizwa kwa umeme huchapishwa kwa Kiingereza, na saa zake ni za Kiingereza. Mkazi wa Njiru anapompasha jirani yake habari hizo, huzigeuza saa papo hapo: tisa ya asubuhi ya Kiingereza huwa saa tatu, na tano ya jioni huwa saa kumi na moja. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu 626,482 katika kaunti ndogo ya Njiru, na wengi wao hufanya tafsiri hiyo kila siku bila kufikiri.

Tatizo huzuka pale mtu anapoandika Kiswahili huku akitazama saa ya Kiingereza, akaandika "saa 9:00 asubuhi". Je, mashine ifanyeje? Hapa maneno ya vipindi hutoa ushahidi. Saa tisa ya Kiswahili haiangukii asubuhi. Huangukia usiku au alasiri. Kwa hivyo "saa 9:00 asubuhi" haiwezi kuwa ila tisa ya Kiingereza. Kwa mantiki hiyo hiyo, "saa 8:00 mchana" ni 14:00, kwa sababu nane ya asubuhi ya Kiingereza haiitwi mchana na nane ya jioni ya Kiingereza ni usiku kwetu. Na "saa 3:00 asubuhi", iliyomkosesha mama dawa, ni 9:00 bila shaka yoyote, kwa kuwa tatu ya usiku ya Kiingereza haiitwi asubuhi. Lugha ilikuwa imekwisha kutoa jibu ndani ya arifa ile ile.

Lakini lugha haitoi jibu kila mara. "Saa 4:00 usiku" yaweza kuwa 22:00 kwa Kiswahili, au 4:00 kwa mwandishi aliyetazama saa ya Kiingereza. "Saa 11:00 asubuhi" yaweza kuwa 5:00 au 11:00. Katika hali kama hizi, mashine yenye adabu haipaswi kukisia. Inapaswa kumuuliza mtumiaji, au kuyaacha maandishi bila kiungo.

Usiku ni wa siku gani?

Katika hesabu ya kalenda za rununu, siku hubadilika saa sita usiku. Katika mapokeo ya Waswahili wa pwani, yanayoafikiana na hesabu ya Kiislamu, siku hubadilika jua linapokuchwa. Kwa sababu hiyo, "usiku wa Ijumaa" kwa mzee wa Lamu au Unguja huweza kuwa ule usiku unaoitangulia Ijumaa, yaani ule ambao kalenda ya rununu huuita usiku wa Alhamisi. Kwa kijana wa Njiru, ni ule unaofuata baada ya Ijumaa kuchwa. Mashine ikiupokea mwaliko wa maulidi au wa mkesha, yaweza kukosea kwa siku nzima.

Hata bara, ugumu huo upo. Mtu akisema "Jumamosi saa nane usiku", kwa kawaida anakusudia usiku ulioanza Jumamosi jioni. Kalenda inaujua wakati huo kuwa ni Jumapili, 2:00. Mashine inayoitii tarehe kama ilivyoandikwa itaiweka miadi saa ishirini na nne kabla ya wakati wake.

La kufurahisha ni kwamba Kiswahili kina dawa yake chenyewe. Waandishi wa magazeti hutumia kirai "usiku wa kuamkia". Usiku wa kuamkia Jumapili hauwezi kueleweka vingine: ulianza Jumamosi jua lilipokuchwa na kwisha Jumapili alfajiri. Kirai hiki kinazitaja siku mbili kwa neno moja, na kanuni yake kwa mashine ni nyepesi: saa moja hadi saa tano ni za tarehe iliyotangulia, na saa sita hadi mapambazuko ni za tarehe iliyotajwa.

Hesabu ya juma na ya miezi

Majina yetu ya siku yamebeba historia mbili. Jumamosi ni siku ya kwanza, Jumapili ya pili, na kuendelea hadi Jumatano, siku ya tano. Inayofuata ni Alhamisi, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo nalo lina maana ya siku ya tano, kwa kuwa Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Juma la Mswahili lina "tano" mbili zinazofuatana, na hakuna anayechanganyikiwa. Kiwango cha kimataifa cha tarehe, ISO 8601, huipa Jumatatu nambari moja. Mtunga programu asiyekijua Kiswahili, akiikuta "J3" katika ujumbe mfupi, ana kila sababu ya kuidhania kuwa siku ya tatu ya juma lake, yaani Jumatano.

Pamoja na hayo, majina ya siku ni hazina ambayo mashine ingeweza kuitumia. Tarehe 4/3/2025 kwetu ni tarehe nne Machi. Kwa Mmarekani ni tarehe tatu Aprili. Arifa ya mama ilisema "Jumanne". Tarehe nne Machi 2025 ilikuwa Jumanne, na tarehe tatu Aprili ilikuwa Alhamisi. Mashine inayolijua jina la siku hupata shahidi wa pili na kuukata mzozo.

Kuhusu miezi, kalenda ya Kiislamu miongoni mwa Waswahili ina majina yake. Baada ya Ramadhani huja Mfunguo Mosi, kisha Mfunguo Pili, hadi Mfunguo Tisa, ndipo zije Rajabu na Shaabani. Maulidi husomwa Mfunguo Sita. Mashine inayodhani kwamba mwezi wenye "sita" ni Juni itapotea. Aidha, tarehe ya Idi hungoja kuandama kwa mwezi, kwa hivyo kiungo chake hakiwezi kuwa na uhakika kabla ya usiku wenyewe.

Yapo hatimaye maneno yanayotegemea siku ya kuandikwa: kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo. Kiswahili kinaweza kuitaja siku ya nne kutoka leo kwa neno moja. Hata hivyo, "kesho" ya ukurasa ulioandikwa Jumatatu si kesho ya anayeusoma Jumatano. Mashine lazima ijue ukurasa uliandikwa lini, ama sivyo iyaache maneno hayo.

Tufanye nini?

Isidhaniwe kwamba hakuna lililofanywa. Tangu mwaka wa 2004, shirika la Unicode limekuwa na hazina ya data za lugha ambamo Kiswahili kina majina ya miezi na ya siku, maneno ya vipindi kama vile alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku, na hata faili za kando za Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo. Hazina hiyo husaidia simu kuandika tarehe kwa Kiswahili. Kuisoma tarehe iliyoandikwa na Mswahili ni kazi nyingine, na ndiyo iliyo ngumu.

Kwa upande wa wenye kurasa, dawa ipo tayari. Lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, katika toleo lake la tano lililoidhinishwa mwaka wa 2014, ina lebo maalumu ya wakati yenye nyuso mbili. Uso mmoja ni wa msomaji, na huonyesha "Jumanne saa tatu asubuhi". Uso wa pili ni wa mashine, na hubeba tarehe kamili kwa tarakimu. Programu inayoifuata lebo hiyo haina haja ya kukisia. Isitoshe, ukurasa unaweza kuambatanishwa na faili ya kalenda iliyo tayari, na mtunga programu anaweza kuuzima utambuzi wa tarehe pale ambapo kukisia ni hatari. Kliniki ni mahali pa aina hiyo.

Kwa upande wetu, zipo kazi tatu. Kwanza, tuiandike sarufi ya wakati kwa ukamilifu: ni saa zipi huambatana na kipindi kipi, Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam. Pili, tukusanye matini halisi, yaani matangazo ya vyama vya akina mama, ya makanisa na misikiti, ya shule na ya mazishi, maana humo ndimo saa za Kiswahili zinamoishi. Kuta za Njiru pekee zingetosha kuwa mwanzo wa tasnifu ya uzamili. Tatu, sisi wenyewe tuandike kwa uangalifu. Anayetangaza saa bila kutaja kipindi, au anayechanganya saa mbili katika tangazo moja, asiilaumu mashine.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kiungo kidogo cha rangi ya samawati ni dai kuhusu maana ya sentensi. Kinasema: nimekusoma, nimekuelewa, niachie mimi. Katika Kiswahili, mara nyingi dai hilo si la kweli, na anayelipa ni yule aliyeamini. Hatuwezi kungoja wahandisi wa nchi za mbali waigundue tofauti kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na moja asubuhi. Sisi tunaijua, ila hatujawaandikia.

Mama alipata dawa zake katikati ya mwezi wa Aprili. Miadi yake siku hizi huandikwa kwa kalamu nyuma ya mlango, kwa herufi si kwa tarakimu: saa tatu asubuhi. Hajawahi kuchelewa tena.